Ukubwa wa Swali: Miaka ya Mwanzo ya Mtafiti wa Hisabati

Mwanafunzi anayehitimu shahada ya kwanza ya hisabati amekwisha kujibu maelfu ya maswali. Alianza na kujumlisha katika darasa la kwanza, akapitia aljebra na jometri ya sekondari, akafika kwenye kalkulasi na nadharia za chuo kikuu. Katika miaka hiyo yote kila swali lilimjia pamoja na ahadi tatu ambazo hazikuandikwa popote. Ahadi ya kwanza ni kwamba jibu lipo. Ya pili ni kwamba zana za kulipatia jibu hilo zimekwisha kufundishwa. Ya tatu ni kwamba kazi yaweza kumalizika kabla ya karatasi za mtihani kukusanywa.

Siku mwanafunzi huyo anapoanza utafiti wa shahada ya uzamivu, yaani ya udaktari, ahadi zote tatu hufutwa kwa pamoja. Huenda swali lake halina jibu, au zana za kulijibu hazijabuniwa bado, au muda unaohitajika unazidi umri wa binadamu mmoja. Hapo ndipo wanafunzi wengi hodari hushikwa na bumbuazi. Aliyekuwa wa kwanza darasani hukaa mwezi mzima mbele ya ukurasa mmoja, akaanza kudhani kwamba akili yake imepungua, au kwamba alama zake za zamani zilikuwa za bahati tu.

Hasara yake si ya aibu peke yake. Ufadhili wa masomo kwa kawaida huwa wa miaka mitatu au minne. Mwenye kushika swali kubwa kupita kiasi aweza kuimaliza miaka hiyo bila tasnifu, na mwenye kushika swali dogo mno aweza kupata tasnifu isiyosomwa na mtu. Katika nchi ambayo idara nzima ya hisabati yaweza kuwa na wahadhiri wachache tu, kila mmoja anayekata tamaa njiani ni pengo litakaloonekana darasani kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza stadi moja ambayo mtafiti kijana hana budi kujifunza kabla ya nyingine zote, nayo ni kupima ukubwa wa swali. Na yanaonyesha kwa nini stadi hiyo ni vigumu kujifunza kwa upweke.

Swali halionyeshi ukubwa wake usoni

Msomaji na achukue karatasi na kalamu. Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na kuendelea. Euclid, Mgiriki aliyeishi takriban miaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba namba hizi hazina mwisho. Yafuatayo ni maswali matatu juu yake, yanayofanana kama watoto wa tumbo moja.

Swali la kwanza: ni mara ngapi p, p + 2 na p + 4 zote tatu huwa tasa? Mfano mmoja ni 3, 5, 7. Je, upo mwingine? Namba yoyote ikigawanywa kwa 3 huacha baki 0, 1 au 2. Ikiwa p inaacha baki 0, basi yagawanyika kwa 3, na kwa kuwa ni tasa haiwezi kuwa ila 3 yenyewe. Ikiwa p inaacha baki 1, basi p + 2 yagawanyika kwa 3. Ikiwa p inaacha baki 2, basi p + 4 yagawanyika kwa 3. Katika hali hizi mbili za mwisho namba inayogawanyika ni kubwa kuliko 3, kwa hiyo si tasa. Basi 3, 5, 7 ni utatu wa pekee, na swali limekwisha kwa mistari michache.

Swali la pili: badala ya 4 na iwekwe 6. Ni mara ngapi p, p + 2 na p + 6 zote huwa tasa? Mifano ni mingi: 5, 7, 11, tena 11, 13, 17, tena 17, 19, 23, tena 41, 43, 47. Hoja ya baki haisaidii tena, kwa sababu p ikiacha baki 2, hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayogawanyika kwa 3. Je, mifano hii haina mwisho? Wanahisabati wengi wanaamini hivyo, lakini hapana mtu yeyote duniani aliyekwisha kuthibitisha. Hata swali lililo jepesi zaidi, la kama jozi p na p + 2 hazina mwisho, ambazo huitwa namba tasa pacha, lingali wazi.

Swali la tatu: je, ipo namba fulani isiyobadilika, hata iwe kubwa namna gani, ambayo jozi za namba tasa zinazopishana kwa kiasi kisichoizidi hazina mwisho? Swali hili nalo lilikaa bila jibu kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba namba hiyo ipo, na kwamba 70,000,000 yatosha. Kufikia 2014 wengine walikuwa wameishusha hadi 246.

Na aangalie msomaji jinsi maswali haya yalivyoachana. La kwanza ni zoezi la mwanafunzi wa sekondari. La pili ni mlima ambao bado haujapandwa. La tatu lilikuwa gumu sana, lakini lilikuwa na njia, kwa kuwa watu kadhaa walikuwa wamekwisha kukaribia jibu lake na zana zao zilikuwa mezani. Na kati ya la kwanza na la pili imebadilishwa tarakimu moja tu. Mgeni akisoma maswali hayo mawili hana alama yoyote ya kumwonyesha kwamba moja litamchukua dakika kumi, na jingine laweza kumla maisha yake yote.

Kisa cha George Dantzig chathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Mwaka 1939, akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Dantzig alichelewa kuingia katika darasa la Jerzy Neyman. Aliyakuta maswali mawili ubaoni, akayanakili akidhani ni kazi ya nyumbani. Yalimsumbua kuliko kazi za kawaida, lakini baada ya siku kadhaa aliyajibu. Baadaye akaambiwa kwamba yalikuwa maswali ya takwimu ambayo hayajapata kujibiwa, na majibu yake yakawa tasnifu yake ya udaktari. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kusifu ujasiri. Lakini kina funzo jingine lisilotajwa sana: Dantzig hakuyachagua maswali hayo. Yalichaguliwa na mwalimu aliyejua mipaka ya elimu yake, akajua ni yapi yaliyo wazi na yanayostahili kuandikwa ubaoni.

Kazi ya msimamizi

Hapa ndipo inapoonekana kazi hasa ya msimamizi wa utafiti. Wanafunzi wengi hudhani kwamba msimamizi yupo ili kusahihisha makosa au kutia sahihi fomu. Hayo anayafanya, lakini kazi yake kubwa ni kujua ukubwa wa maswali kabla mwanafunzi hajaweza kuujua mwenyewe.

Mfano bora ni wa Andrew Wiles wa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alikuta katika maktaba ya mtaani kitabu kilichoeleza dai la Pierre de Fermat la karne ya 17: kwamba hakuna namba kamili chanya x, y na z zinazotosheleza xⁿ + yⁿ = zⁿ endapo n ni namba kamili iliyo kubwa kuliko 2. Dai hilo lilikuwa limewashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 300. Wiles aliapa moyoni kwamba atalithibitisha. Alipoanza utafiti katika chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1975, msimamizi wake, John Coates, hakumpa kazi ya Fermat. Alimpeleka kwenye mikunjo ya eliptiki, tawi lililokuwa hai, lenye maswali mengi ya ukubwa wa kati ambayo kijana angeweza kuyamaliza na kuyachapisha.

Kwa nje ilikuwa kama kumnyima mtoto kitu alichokitamani, kumbe sivyo. Mwaka 1986 Ken Ribet, akiendeleza mawazo ya Gerhard Frey na Jean-Pierre Serre, alithibitisha kwamba dai la Fermat lingefuata endapo dhana fulani ya wanahisabati wa Kijapani, Taniyama na Shimura, juu ya mikunjo hiyohiyo ya eliptiki ingethibitishwa. Wiles akajikuta amesimama mahali panapofaa, na zana mikononi. Alifanya kazi kwa takriban miaka saba, akatangaza uthibitisho wake Juni 1993. Kasoro ikaonekana ndani yake. Mwaka 1994 aliirekebisha akisaidiwa na Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake, na uthibitisho kamili ukachapishwa 1995.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, ndoto ya utotoni haikutupwa. Iliwekwa kando mpaka zana zilipopatikana. Pili, Wiles alipoanza ile miaka saba alikuwa tayari profesa katika chuo kikuu cha Princeton, mwenye cheo na mshahara wa kudumu. Kijana asiye na ajira akiiga ile miaka saba kabla ya kupitia miaka ya Cambridge, ataiga sehemu ya hadithi ambayo hawezi kuigharimia.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta msimamizi na asitazame jina kubwa peke yake. Yapo maswali manne ya kuuliza, na yote yana majibu yanayopatikana. Je, msimamizi huyo bado anafanya utafiti na kuchapisha, au sifa zake ni za zamani? Je, wanafunzi wake waliotangulia walimaliza, na kwa muda gani? Je, hukutana nao kwa ratiba ijulikanayo, mathalani kila wiki au kila wiki mbili? Na je, wako wapi sasa? Maswali mawili ya kati yajibiwa vizuri zaidi na wanafunzi wake kuliko na yeye mwenyewe. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

Kukwama na namna ya kukwama

Hata mwenye swali zuri na msimamizi mzuri atakwama. Hali hii si ajali katika utafiti wa hisabati. Sehemu kubwa ya siku za mtafiti hupita akiwa hajui la kufanya. Tofauti kati ya anayemaliza na asiyemaliza hutokana mara nyingi na kile anachokifanya akiwa amekwama.

Anayekwama vizuri hulikata swali. Ikiwa dai ni la vipimo vyote, hulijaribu katika vipimo viwili. Ikiwa ni la namba zote, hulijaribu kwa namba ndogo kwa mkono, kisha kwa kompyuta. Ikiwa hawezi kulithibitisha, hutafuta mfano wa kulivunja. Kila jaribio huandikwa pamoja na tarehe katika daftari, hata lile lisilofaulu, kwa sababu njia iliyofungwa leo yaweza kueleza kesho kwa nini njia nyingine iko wazi. Anayekwama vibaya hurudia hoja ileile kila asubuhi, hufuta kila alichoandika jioni, na huacha kwenda kwa msimamizi kwa sababu hana kitu cha kuonyesha. Miezi mitatu ya kumkwepa msimamizi ni dalili ya hatari kuliko swali lolote gumu.

Dawa ya pili ni semina, yaani kikao cha kila wiki ambapo mtu mmoja hueleza kazi yake na wengine huuliza. Mwanafunzi mpya huona aibu kwa sababu haelewi. Maryam Mirzakhani alizaliwa Iran mwaka 1977, na mwaka 1994 na 1995 alipata medali za dhahabu katika mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi wa sekondari. Alipofika Harvard kwa masomo ya udaktari alihudhuria semina ya Curtis McMullen, na mwanzoni sehemu kubwa ya yaliyosemwa ilimpita. Hakuacha kwenda. Aliandika maelezo yake kwa Kiajemi, akawa anamwendea McMullen kwa maswali, moja baada ya jingine. Tasnifu aliyoimaliza mwaka 2004 ilizaa makala zilizochapishwa katika majarida matatu yenye heshima kubwa kabisa katika fani hiyo. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Fields. Alifariki 2017, akiwa na umri wa miaka 40.

Mirzakhani mwenyewe alijieleza kuwa ni mtu afikiriaye polepole. Mwanafunzi aliyezoea kupimwa kwa saa tatu za mtihani na alikumbuke jambo hilo. Wepesi unaoleta alama za juu ni kitu kizuri, lakini utafiti hauna kengele, na papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Kuchapisha

Matokeo ya utafiti huwa elimu ya watu wote pale tu yanapoandikwa, kuhakikiwa na kuchapishwa. Mtafiti hupeleka makala yake kwa jarida, mhariri huituma kwa mhakiki mmoja au zaidi wanaoijua fani hiyo, nao huisoma mstari kwa mstari. Katika hisabati kazi hii huchukua miezi mingi, na mara nyingine hupita mwaka. Kijana anayehitaji makala iliyokubaliwa ili apandishwe cheo au apate ajira na apange mapema. Makala inayopelekwa mwezi wa mwisho wa ufadhili haitamsaidia kabla ufadhili haujaisha.

Kukataliwa ni jambo la kawaida. Barua ya mhariri yafaa isomwe mara mbili, mara ya kwanza kwa uchungu na ya pili kwa kalamu. Yako mambo matatu ambayo mhakiki aweza kusema: kwamba uthibitisho una kosa, kwamba matokeo yanajulikana tayari, au kwamba ni sahihi lakini hayalifai jarida hilo. La kwanza hutaka kurekebishwa, la pili hutaka kurudi maktaba, la tatu hutaka jarida jingine tu.

Mambo mengine mawili hayafundishwi darasani. Kwanza, katika hisabati majina ya waandishi wa makala moja kwa kawaida hupangwa kwa alfabeti, si kwa ukubwa wa mchango. Mtafiti ambaye jina lake laanza kwa herufi W aweza kuwa wa mwisho katika kila makala. Kamati ya kupandisha vyeo yenye wajumbe wa fani ambazo jina la kwanza ndilo lenye uzito yafaa ielezwe desturi hii kwa maandishi, mapema, kabla haijamdhania mtu kuwa msaidizi tu. Pili, yako majarida laghai, yanayochapisha chochote kwa malipo bila uhakiki wa kweli. Hujitambulisha kwa barua za sifa nyingi na ahadi ya kuchapisha kwa siku chache. Makala iliyotolewa humo haihesabiwi na wenye kujua, na ni vigumu kuitoa tena mahali pengine.

Tangu 1991 iko pia hifadhi ya arXiv, ambamo watafiti huweka makala zao kabla ya kuhakikiwa, na yeyote mwenye intaneti huzisoma bila malipo. Kwa mtafiti aliye mbali na maktaba kubwa, hifadhi hii imepunguza umbali kuliko chombo kingine chochote.

Miaka baada ya shahada

Anayemaliza shahada ya uzamivu hukuta njia mbili kuu katika taaluma. Moja ni nafasi ya utafiti ya muda, aghalabu ya mwaka mmoja hadi mitatu, katika chuo kingine. Nyingine ni uhadhiri. Katika vyuo vikuu vya Tanzania wengi huanza kufundisha mapema zaidi: mwenye shahada ya kwanza huajiriwa kusaidia kufundisha, akipata ya pili huwa mhadhiri msaidizi, na ya udaktari humfikisha kwenye uhadhiri kamili, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa.

Swali la namba tasa lililotajwa juu lina visa viwili vya maisha ndani yake. Zhang alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1991, lakini hakupata nafasi katika chuo kwa miaka kadhaa. Alifanya kazi za namna mbalimbali, hata kutunza hesabu za mgahawa. Mwaka 1999 aliajiriwa kufundisha katika chuo kikuu cha New Hampshire, na uthibitisho wake ulipotoka alikuwa anakaribia miaka 60. James Maynard wa Uingereza alimaliza udaktari wake Oxford mwaka 2013, akaenda Montréal, Kanada, kwa nafasi ya utafiti ya muda. Kabla mwaka huo haujaisha alitoa njia mpya iliyoushusha mpishano hadi 600, akiwa bado katika miaka yake ya ishirini. Mwaka 2022 alipewa nishani ya Fields.

Wote wawili waliegemea kazi ya watu wale wale waliotangulia, Goldston, Pintz na Yıldırım. Mmoja alifika huko peke yake baada ya miaka mingi ya dhiki. Mwingine alifika mapema, akiwa kati ya watu waliokuwa wakizungumza swali hilo kila siku. Uvumilivu wa Zhang unastahili heshima, lakini hakuna nchi inayoweza kupanga elimu yake kwa kutegemea watu wa namna hiyo. Inayoweza kupangwa ni ile hali ya pili, ya kijana kuwa karibu na wenzake.

Kurudi nyumbani bila kuwa mpweke

Jambo hilo lina uzito maalumu kwa kijana wa Afrika Mashariki aliyesoma ng'ambo akarudi. Abdus Salam alilijua kwa uzoefu. Baada ya masomo ya Cambridge alirudi kwao Pakistani mwaka 1951 kuwa profesa wa hisabati huko Lahore. Hakukuwa na mtu wa karibu wa kuzungumza naye utafiti, na nje ya kufundisha alitwikwa usimamizi wa timu ya mpira wa miguu ya chuo. Mwaka 1954 aliondoka akarudi Uingereza, kwa majonzi, kwa kuwa aliona kwamba akikaa sayansi yake itakufa. Salam hakusahau uchaguzi ule mchungu. Mwaka 1964, huko Trieste, Italia, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, na ndani yake mpango wa washirika: mwanasayansi wa nchi inayoendelea hubaki na kazi yake kwao, na kwa vipindi huja kituoni wiki au miezi michache kusoma, kuuliza na kuandika, kisha hurudi nyumbani. Mwaka 1979 Salam alipata tuzo ya Nobel ya fizikia. Kituo chake hupokea wanahisabati pia.

Milango ya namna hiyo imeongezeka. Umoja wa Wanahisabati wa Afrika uliundwa mwaka 1976. Mwaka 2002 ulianza mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ukisaidiwa kutoka Uppsala, Uswidi. Chini ya mpango wa namna hii mwanafunzi aweza kuandikishwa kwao na kukaa vipindi fulani kwa msimamizi wa pili nje, hivyo asiukate uzi wa nyumbani. Taasisi ya AIMS ilifunguliwa karibu na Cape Town mwaka 2003, na tawi lake la Rwanda mwaka 2016.

Lakini milango hii humfaa anayelinda muda wake. Mhadhiri mpya hupewa madarasa makubwa, mamia ya karatasi za kusahihisha na nafasi katika kamati. Kazi hizo ni za lazima, na mtu mwenye heshima hazikwepi. Hata hivyo, aliyetenga asubuhi mbili za wiki kwa ajili ya utafiti, akazitangaza kwa mkuu wa idara yake kama anavyotangaza vipindi vya kufundisha, atakuwa na kitu cha kupeleka Trieste. Na wahadhiri watatu wenye maswali ya jirani, wakikutana kila wiki chumba kimoja na ubao mmoja, wamekwisha kuwa na semina.

Hitimisho

Mtafiti kijana hupimwa kwa swali alilolichagua kabla ya kupimwa kwa jibu lake. Ukubwa wa swali hauonekani usoni mwake. Huonekana kwa msaada wa msimamizi ajuaye njia, semina isiyoogopa maswali, daftari lenye majaribio yaliyoshindwa, na wenzake walio karibu. Kwa miaka michache mwanafunzi huazima macho ya wengine. Siku anapoweza kumwambia mwanafunzi wake mwenyewe, "Hili liache kwanza, anza na lile," huwa amekwisha kuwa mwanahisabati.

Maswali ya kujipima

1. Thibitisha kwamba ikiwa p na p + 2 ni namba tasa pacha zilizo kubwa kuliko 3, basi namba iliyo katikati yake yagawanyika kwa 6.

2. Chunguza utatu p, p + 4 na p + 8. Je, mifano yake ina mwisho? Tumia hoja ya baki.

3. Chunguza utatu p, p + 4 na p + 6, kwa kuanza na 7, 11, 13. Tafuta mifano mingine mitatu. Je, swali la mwisho wa mifano hii lafanana na zoezi la 2, au na lile swali la pili la makala? Eleza sababu.